Meiosisi: kinachozishika kromosomu na kinachoziachilia

Wanafunzi wengi ninaowafundisha biolojia ya seli hukariri majina ya hatua za meiosisi, yaani mgawanyiko wa seli unaotengeneza mayai na mbegu za kiume, bila kujiuliza swali lililo muhimu zaidi: katika kila hatua, kromosomu zimeshikwa na nini, na zinaachiliwa lini?

Seli ya binadamu inayoingia katika meiosisi ina kromosomu (nyuzi za DNA zinazobeba jeni) 46, yaani jozi 23, ambapo katika kila jozi moja imetoka kwa mama na nyingine kwa baba. Kila kromosomu imekwisha kunakiliwa, hivyo ina nakala mbili, ziitwazo kromatidi dada, zilizofungwa pamoja na protini iitwayo kohesini, kuanzia sentromia, yaani sehemu iliyobanwa ambapo mikono ya kromosomu hukutana, hadi kwenye mikono yake.

Kazi kubwa hufanyika katika profezi ya kwanza, yaani hatua inayoanzisha mgawanyiko wa kwanza kati ya miwili ya meiosisi. Kromosomu hujikunja, na kila moja hulala sambamba na ya jozi yake. Hapo kimeng'enya kiitwacho SPO11 huikata DNA kwa makusudi katika sehemu nyingi, na seli inapoziunga sehemu hizo, baadhi huungwa kwa kubadilishana vipande kati ya kromosomu ya mama na ya baba, na mahali pa mabadilishano hayo ndipo panapoonekana kiasma chini ya hadubini. Kiasma husifiwa kwa kuchanganya jeni, na ni haki yake, lakini kwangu kazi yake ya pili haina uzito mdogo hata kidogo: kikisaidiana na kohesini ya mikononi, ndicho kinachoifunga jozi. Jozi isiyo na kiasma hata kimoja huachana mapema, na kromosomu zake huelekea popote.

Katika metafezi ya kwanza jozi hujipanga katikati ya seli, kila jozi ikigeukia upande wake bila kutegemea nyingine, jambo linalotoa michanganyiko zaidi ya milioni 8. Kisha, katika anafezi ya kwanza, kimeng'enya separase huikata kohesini ya mikononi peke yake, kwa kuwa ile ya sentromia inalindwa na protini iitwayo shugoshini. Kwa hiyo jozi hutengana huku kromatidi dada zikibaki pamoja, na idadi ya kromosomu hupungua kwa nusu. Mgawanyiko wa pili hufanana na mitosisi, yaani mgawanyiko wa kawaida wa seli za mwili: ulinzi huondoka, na dada hutengana.

Katika mwili wa mwanamke, profezi ya kwanza huanza kabla hajazaliwa, kisha husimama hadi yai litakapopevuka, pengine baada ya miaka 40. Uchunguzi wa panya umeonyesha kwamba kohesini iliyowekwa mwanzoni haifanywi upya vya kutosha katika kipindi hicho, kwa hiyo vifungo hulegea taratibu. Hii ni sababu mojawapo inayofanya kromosomu ya 21 ya ziada, iletayo hali ya Down, mara nyingi itokane na yai, na uwezekano wake uongezeke kadiri umri wa mama unavyosonga.