Abdaksheni, NP na neno "haiwezekani"

Juzi nimeisikia tena: "Abdaksheni ni NP, yaani kompyuta haiwezi." Sentensi fupi kuhusu NP, kundi la maswali ya kompyuta; makosa mawili.

Abdaksheni yenyewe kwa haraka: taa haiwaki, nawe unakisia kwamba balbu imeungua. Kisio hilo, likiunganishwa na unayoyajua kuhusu taa, linaeleza giza bila kupingana nayo. Ni kurudi nyuma kutoka tokeo hadi sababu. Jina lilienezwa na mwanafalsafa Mmarekani Charles Sanders Peirce. Anayelitafsiri "utekaji nyara", maana nyingine ya "abduction" ya Kiingereza, amefungua ukurasa usio wake.

Sasa herufi. Wengi huisoma N kama kikanushi, eti NP ni "si polinomia", yaani haimaliziki kwa muda unaokua kwa kiasi kadiri swali linavyokua. Sivyo. N inatokana na mashine ya kufikirika inayoruhusiwa kubahatisha. NP ni maswali ambayo jibu la "ndiyo" likishaletwa pamoja na ushahidi wake, kuuhakiki ni kazi ya haraka. Hata maswali mepesi kabisa yamo humo. Yale magumu kuliko yote humo, yaani NP-kamili, nayo hutatulika. Kinachouma ni muda. Visio 30 tu vinatoa mafungu zaidi ya bilioni 1 ya kujaribu. Yasiyotatulika kabisa yapo, mwanahisabati Alan Turing aliyaonyesha mwaka 1936, lakini si haya.

Kosa la pili ndilo linalonikera zaidi, maana hurudiwa hata na waliosoma. Katika mantiki ya kauli, ile ya sentensi za kweli au uongo zinazounganishwa kwa "na", "au" na "si", abdaksheni haikai NP. Iko ghorofa moja juu (labda ghorofa hizo ziwe moja, jambo ambalo hakuna aliyelithibitisha wala kulikanusha). Kwa nini? Kwa sababu hata ukibahatisha maelezo, bado hujamaliza: lazima uonyeshe kwamba tokeo linafuata katika kila hali inayokubalika, na kazi hiyo peke yake ni coNP-kamili, yaani miongoni mwa magumu kuliko yote katika maswali ambayo jibu la "hapana" ndilo lenye ushahidi wa haraka kuhakiki. Unabahatisha, kisha uhakiki wenyewe unakuwa mzigo mwingine. Watafiti wa sayansi ya kompyuta Thomas Eiter na Georg Gottlob walionyesha mwaka 1995 kwamba kuuliza tu kama maelezo yapo ni swali kamili, yaani gumu kuliko yote, la ghorofa hiyo ya juu, daraja la pili liitwalo Sigma-2-P.

Ukijifunga kwenye kanuni za Horn, zile za "hiki na hiki, basi kile" au "hiki na hiki haviendi pamoja", uhakiki unakuwa mwepesi na swali linashuka hadi NP-kamili. Kwa hiyo yule wa juzi hakupotea mbali sana. Angetaja tu ni mantiki ipi, na "haiwezi" akaiacha.