Kutokomeza malaria maana yake nini?

Wengi wakisikia "kutokomeza malaria" huelewa kwamba hakuna atakayeugua tena. Sivyo. Malaria imetokomezwa mahali pale ambapo mbu wa hapo hawaiambukizi tena. Mtu anaweza kushuka kwenye boti Unguja akiwa na vimelea alivyovipata bara, akashikwa na homa na kutibiwa. Huyo huhesabiwa mgonjwa wa kutoka nje. Kinachopiganiwa ni kwamba jirani yake asiambukizwe kupitia mbu wa mtaani. Nchi ikikaa angalau miaka 3 mfululizo bila mgonjwa aliyeambukizwa ndani, na ikaweza kuthibitisha hilo, Shirika la Afya Duniani (WHO) huipa cheti. Cape Verde na Misri zilipata cheti hicho mwaka 2024.

Neno "kuthibitisha" ndilo lenye kazi kubwa. Zanzibar ilianza kutumia dawa mseto, yaani dawa mbili za malaria zinazotolewa pamoja, mwaka 2003. Kuanzia 2006 vikaja vyandarua vyenye dawa ya muda mrefu na upuliziaji wa dawa kwenye kuta za nyumba, na watu wenye vimelea wakapungua hadi chini ya asilimia 1 ya wakazi. Ukifika hapo, kujua idadi ya wagonjwa hakutoshi. Lazima ujue ni nani, anaishi wapi, na wiki zilizopita alilala wapi. Kipimo kikisoma malaria, kituo cha afya hutuma taarifa kwa simu. Afisa wa wilaya huenda hadi nyumbani kwa mgonjwa, akauliza habari za safari na kuwapima wote wanaoishi humo.

Kwa nini wote, hata anayecheza uani mzima wa afya? Kwa sababu mtu anaweza kubeba vimelea bila homa yoyote. Hatakwenda kituoni, maana haumwi, lakini mbu akimuuma huvichukua na kuvipeleka kwingine. Bila taarifa ya mgonjwa wa kwanza, huyu wa pili hapatikani.

Kuhusu kuacha kazi kabla haijakwisha, Zanzibar ina kumbukumbu chungu. Kampeni ya kupulizia dawa iliyoanza 1958 ilishusha sana malaria, kisha ikasimamishwa mwaka 1968, na ugonjwa ukarudi kwa nguvu. Mbu walikuwapo, vimelea havikuwa vimekwisha, na watoto waliokua bila kuambukizwa hawakuwa na kinga ya kutosha.

Kwa maoni yangu, wapangaji wa bajeti hukosea wanapodhani kwamba wagonjwa wakipungua, fedha nazo zaweza kupunguzwa. Wagonjwa wanapopungua, gharama ya kumfikia kila mmoja hupanda. Afisa wa wilaya bado anahitaji pikipiki, mafuta, vipimo na salio la simu, hata kama wiki nzima ameitwa kwenye nyumba moja tu. Sehemu kubwa ya fedha hizo imetoka kwa wafadhili, hasa Global Fund (mfuko wa kimataifa wa kupambana na UKIMWI, kifua kikuu na malaria) na mpango wa malaria wa Rais wa Marekani, na boti za kutoka Dar es Salaam zinaingia kila siku, mfadhili awepo asiwepo.