Treni haisimami kwa kupungiwa mkono

Kazi yetu wakufunzi wa walimu ni kukaa nyuma ya madarasa na kusikiliza. Safari moja nilikuwa katika skuli ya shamba huko Micheweni, Pemba, somo la kusoma. Hadithi ilihusu mtoto aliyefika kituoni akakuta treni imeshaondoka, akaketi kulia. Msichana mmoja aliisoma yote bila ya kukwama pahala. Mwalimu akamuuliza: kwa nini analia?

"Anadeka tu, mwalimu. Si angeipungia mkono ikasimama?"

Darasa likacheka, mwalimu akatia alama ya kosa. Mimi kosa sikuliona. Gari anazozijua yule mtoto husimama popote unapoinua mkono, hata ukiwa na polo la muhogo. Treni hajapata kuiona. (Unguja ilikuwa na reli yake ya Bububu mwanzoni mwa karne ya 20, lakini iling'olewa zamani.) Maneno ameyasoma sawasawa, penye pengo akaliziba kwa alichonacho.

Hata watu wazima husoma hivyo. Mwaka 1979 watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, walichapisha matokeo ya kuwasomesha Wamarekani na Wahindi barua mbili za harusi, moja ya Kimarekani na moja ya Kihindi. Kila upande ulisoma ya kwao upesi zaidi na ukakumbuka mengi zaidi. Katika ile ya Kimarekani, bibi harusi alivaa gauni la bibi yake, jambo la fahari kwao. Msomaji wa Kihindi alielewa kwamba gauni lenyewe limepitwa na wakati.

Siku ya pili mwalimu yule alianza kwa suali: "Nani ameshaachwa na boti bandarini Mkoani?" Mikono ikapanda. Boti ikishafungua kamba, punga mpaka uchoke! Zilipita dakika tano tu, wakarudi kwenye treni, na safari hii hakuna aliyesema mtoto anadeka.

Njia ninayoipenda zaidi haitaki hata kitabu. Msimu wa karafuu, waulize watoto jana walifanya nini, uandike ubaoni kama walivyosema: "Tulianika karafuu kwenye jamvi. Wingu likaja. Tukaanua mbio, makonyo tukayasahau." Somo la leo ndilo hilo. Mtoto haulizi kuanua ni nini; anachokiona kipya ni sura ya neno lake likiandikwa. Akisema kwa Kipemba, andika hivyo hivyo kwanza, kisha Kiswahili sanifu chini yake, na asichekwe. Paje na Jambiani, pwani ya Unguja, somo litakuwa mwani na maji ya bamvua. Watoto wa mjini Kikwajuni usiwapelekee habari za kuanua; wengi wao karafuu wanaijua ndani ya pilau.

Wapo walimu wakisikia haya hutaka treni iondolewe vitabuni. Hapana. Mtoto wa Micheweni ana haki ya treni, na theluji, na jangwa pia. Boti ya Mkoani ni ya kumvusha tu.

Nyumbani, mzazi hata kama hajui kusoma, amwambie mwanawe: nihadithie mlichosoma leo. Aulize na "kwa nini".

Natoka darasani siku ile ya pili, msichana akanifuata mpaka barazani. "Mwalimu, hiyo treni nahodha wake hukaa mbele au nyuma?"