Je, Wajua Kwa Nini Theluji Kidogo Inaweza Kuleta Mafuriko Makubwa?

Mto Red unaanzia mahali miji ya Wahpeton na Breckenridge inapotazamana, kwenye mpaka wa majimbo ya North Dakota na Minnesota nchini Marekani, kisha unaelekea kaskazini kupitia Fargo na Grand Forks, unaingia Kanada, unapita Winnipeg na kumwaga maji yake katika Ziwa Winnipeg. Baina ya mwisho wa Machi na mwanzo wa Mei, theluji inapoyeyuka, wakazi wa kando yake huutazama kwa wasiwasi. Maelezo yanayotolewa mara nyingi ni mepesi: theluji ikianguka nyingi, mto utafurika sana, ikianguka kidogo, watu watalala salama. Yana ukweli ndani yake, lakini hayatoshi hata kueleza mafuriko mawili ya mji mmoja.

Katika majira ya baridi ya 1996 na 1997, theluji iliyoanguka Fargo kwa jumla ilikaribia mita 3, na hiyo ikawa rekodi ya mji huo. Mto ulipanda hadi kipimo cha mita 12.1 hivi. Miaka 12 baadaye theluji haikufikia kiasi hicho, lakini tarehe 28 Machi 2009 mto ulifika mita 12.45 na kuvunja rekodi iliyokuwa imedumu tangu 1897. Anayehesabu theluji peke yake hawezi kuueleza mwaka 2009.

Kwanza, kimo cha theluji hakisemi mengi kuhusu maji. Sentimita 10 za theluji mpya huweza kutoa sentimita 1 ya maji, pengine pungufu. Theluji ya kimo kilekile iliyoshindiliwa na upepo na kuloweshwa na mvua ya Machi huweza kutoa maji mara tatu au nne ya hayo. Kwa hiyo wataalamu huuliza theluji imebeba maji kiasi gani, na urefu wake huja baadaye.

Jambo la pili ndilo lenye uzito zaidi, nalo hutokea kabla chembe ya kwanza ya theluji haijaanguka. Chukua madodoki mawili, moja kavu na jingine lililolowa chepechepe, uyaweke kwenye friza hadi yagande, kisha uyamwagie maji ya baridi. Lile kavu limeganda, lakini vitundu vyake viko wazi, kwa hiyo maji hupenya. Katika lile lililolowa kila kitundu kimezibwa na barafu, na maji yote huteleza juu yake na kumwagikia mezani. Udongo wa bonde la Mto Red hufanya vivyo hivyo. Mvua za Septemba hadi Novemba zikiwa nyingi, ardhi huingia katika majira ya baridi ikiwa imeshiba, huganda ikiwa imeshiba, na theluji inapoyeyuka haina pa kwenda isipokuwa mtoni. Miezi hiyo ya mwaka 2008 ilikuwa na mvua nyingi mno katika eneo la Fargo.

Hata hapa kuna kinyume cha matarajio: theluji nene inayowahi kuanguka huikinga ardhi na baridi kali, ilhali theluji haba huiacha igande kwa kina kirefu zaidi. Ni kweli kwamba hali hutofautiana kati ya shamba na shamba, kwani udongo wa mfinyanzi wa huko hupasuka ukikauka na nyufa zake humeza maji mengi. Isitoshe, mchango katika mafuriko wa mabomba ambayo wakulima huyafukia ili kukausha mashamba bado unabishaniwa.

Kasi ya kuyeyuka nayo ina kanuni zake. Kilo moja ya barafu iliyo katika nyuzi sifuri huhitaji kilojuli 334 ili iwe maji, joto linalokaribia lile la kuyapandisha maji hayohayo kutoka nyuzi sifuri hadi 80. Ndiyo maana theluji haiyeyuki yote kwa siku moja ya jua, na mchana wa vuguvugu unaofuatwa na usiku wa baridi huiyeyusha polepole. Baridi iliyorejea mwishoni mwa Machi 2009 ilipunguza kasi hiyo, na mto haukufika juu kama ilivyohofiwa.

Kuhusu mwelekeo, kutiririka kaskazini si ajabu, kwani hata Nile hufanya hivyo. Tatizo la Mto Red ni kwamba maji ya kusini huyeyuka mapema na kwenda kukutana na barafu ambayo bado imeushika mto kaskazini. Hata hivyo, lawama kubwa zaidi huenda inastahili kuwekwa kwenye utambarare wa nchi yenyewe, ambayo zamani ilikuwa sakafu ya Agassiz, ziwa kubwa la zama za barafu. Karibu na Fargo mto huteremka sentimita 8 hivi tu kwa kila kilomita, na karibu na mpaka wa Kanada chini ya sentimita 3. Maji yakishavuka kingo huenda kando badala ya kwenda mbele. Mwaka 1997, kusini mwa Winnipeg, yalienea hadi upana wa kilomita 40 hivi.

Mwaka huohuo Grand Forks ilitabiriwa kipimo cha mita 14.9, lakini maji yakafika mita 16.6 na kuyapita matuta ya kinga. Makadirio ya namna hiyo hutegemea, pamoja na mambo mengine, ndege ndogo zinazoruka mita 150 hivi juu ya mashamba zikipima mionzi ya gama, yaani miale isiyoonekana kwa macho, inayotoka katika udongo wenyewe kwa asili. Maji huizuia mionzi hiyo, yawe ya theluji au ya ardhini, kwa hiyo mionzi ikipungua, maji yameongezeka. Ili kuyatenganisha maji hayo ya aina mbili, ndege hupita njia ileile mara mbili, na safari ya kwanza hufanywa kabla ya theluji, ardhi ikiwa bado wazi.