Rotesheni ya maabara: kuzunguka kabla ya kutia nanga

Mpwa wangu wa Majengo amepata nafasi ya kusomea uzamivu wa baiolojia Marekani. Jumapili alikuja nyumbani, akanionyesha barua kwenye simu. "Mjomba, wameandika mwaka wa kwanza nitafanya rotesheni 3. Ndiyo ile atachimenti tuliyofanya shahada ya kwanza?"

Siyo. Ukienda atachimenti unajifunza kazi bandarini au hospitalini, unajaziwa kitabu chako, unarudi chuoni na habari imekwisha. Rotesheni ni kutafuta pa kukaa. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hufanya kazi katika maabara ya profesa mmoja kwa muda mfupi, mara nyingi wiki 6 hadi 10, kisha huhamia kwa mwingine, na baadaye kwa wa tatu. Mwisho huchagua maabara moja atakayofanyia utafiti wa tasnifu yake, na humo atakaa miaka 4, 5 au hata zaidi. Idadi na muda hutofautiana chuo kwa chuo, na zipo programu zisizo na rotesheni kabisa.

Huku kwetu, kwa kawaida mtu huanza na msimamizi na pendekezo la utafiti, maabara anaijua baadaye. Mimi nilisoma uzamili hivyo. Msimamizi wangu alikuwa akikaa na sura moja ya tasnifu miezi 4 bila kuirudisha. Lau ningalifanya kazi karibu naye wiki 6 tu kabla ya kumkubali, ningaliliona hilo.

Ndiyo maana nilimwambia mpwa wangu asihangaike sana na matokeo. Wiki 2 za kwanza zitaishia kwenye mafunzo ya usalama na kujua vitu vinawekwa wapi. Jaribio la kwanza huenda likaharibika, na la pili pia. Hakuna anayetarajia ugunduzi ndani ya wiki 8. Maprofesa wanamtazama yeye: anauliza asipoelewa? Anaandika daftari lake siku ileile?

Naye awatazame. Afungue friji ya nyuzi 80 chini ya sifuri, asome vibandiko vya masanduku. Kila sanduku likiwa na jina, tarehe na kilichomo, hapo watu hukabidhiana kazi. Akikuta masanduku mengi ambayo hakuna anayejua ni ya nani, aulize waliokuwa nayo waliondokaje. Na kwenye mkutano wa kila wiki, asikilize mwanafunzi ambaye jaribio lake limefeli anajibiwaje. Wazee husema ukimchunguza sana kuku humli, lakini huyu achunguzwe mpaka kwenye manyoya.

Kuna na suala la pesa, ambalo wengi huona haya kuliuliza. Programu nyingi za huko humlipa mwanafunzi posho ya mwaka wa kwanza kutoka mfuko wa programu yenyewe, ndiyo maana anaweza kuzunguka bila kuwa mzigo wa profesa yeyote. Baada ya hapo, mara nyingi posho hutoka kwenye ruzuku ya utafiti ya profesa aliyemchagua. Kwa hiyo maabara inaweza kuwa nzuri, profesa mwema, na nafasi isiwepo. Aulize mapema, kwa adabu na bila kuzunguka: mwakani utaweza kuchukua mwanafunzi?

Rotesheni zikiisha, mwanafunzi hutaja anakotaka na profesa naye lazima akubali. Wasipoafikiana, programu nyingi humruhusu kufanya rotesheni nyingine, na hilo si aibu.

Mpwa wangu ameshapata maabara 2 za vimelea vya malaria, jambo analolipenda tangu utotoni. Ya tatu nimemwomba achague kitu ambacho hajawahi kukigusa. Amesema atajaribu kuchambua kwa kompyuta jenomu, yaani vinasaba vyote vya kiumbe.