Janga la mafua ni nini? Mfano wa Samoa mbili, 1918

Mafua makali, yaani influenza, huzunguka duniani kila mwaka. Huitwa janga la dunia pale tu kirusi cha aina A kinapozuka na sura ambayo miili ya watu wengi haijawahi kukutana nayo, kikavuka kutoka bara hadi bara. Idadi ya vifo pekee si kipimo. Sura hiyo ni protini mbili za juu ya kirusi, H na N. Ndiyo maana husemwa H1N1 (1918, na kirusi kingine cha jina hilohilo 2009), H2N2 (1957) na H3N2 (1968).

Kisiwani janga huwa na ukali wake. Kirusi kikiingia huangusha karibu kila nyumba kwa mpigo, wakiwemo vijana wenye nguvu, ambao mwaka 1918 walikufa kwa wingi usio wa kawaida. Hapo hukosekana wa kuteka maji, wa kupika, hata wa kuzika. Ambaye angeweza kupona hufa kwa nimonia, au kwa kukosa uji na maji tu.

Meli Talune iliondoka Auckland, New Zealand, 30 Oktoba 1918, ikatia nanga Apia, mji mkuu wa Samoa Magharibi, visiwa vya Bahari ya Pasifiki vilivyokuwa chini ya New Zealand, 7 Novemba ikiwa na wagonjwa. Abiria wakaruhusiwa kushuka. Mtu huanza kuumwa siku 1 hadi 4 baada ya kuambukizwa, hivyo ungedhani siku nane baharini zilitosha kuumaliza ugonjwa. Hazikutosha, kwa sababu watu waliendelea kupokezana kirusi humohumo melini. Siku za karantini zihesabiwe tangu mgonjwa wa mwisho, si tangu meli ing'oe nanga. Ndani ya wiki chache walikufa watu wapatao 8,500, zaidi ya mmoja katika kila watano, wazee na viongozi wengi wakiwemo.

Ng'ambo ya mlango wa bahari, Samoa ya Marekani, sehemu ya visiwa hivyo iliyotawaliwa na Marekani, haikupoteza hata mtu mmoja. Gavana John Poyer aliweka karantini mapema, na wenyeji wakashika doria pwani kuzuia mitumbwi kutoka upande wa pili. Alijitolea pia kuisaidia Apia. Robert Logan, aliyeitawala Samoa Magharibi kwa niaba ya New Zealand, hakuupokea msaada huo. Wasamoa hawakulisahau hilo, na uchungu wake ulichochea vuguvugu la Mau la kudai kujitawala. New Zealand iliomba radhi rasmi mwaka 2002.