Amelewa, au sukari imeshuka?

Wanasema pombe inaweza kushusha sukari ya damu. Lakini bia si ina sukari? Inawezaje kuishusha?

Mwanzoni inaweza hata kuipandisha, kwa sababu bia ina wanga, na pombe kali wengi huichanganya na soda. Kushuka huja baadaye, saa kadhaa baada ya glasi ya mwisho, pengine alfajiri mtu akiwa usingizini.

Ini linahusikaje?

Usipokula, ini ndilo linaloilisha damu sukari, kwa njia mbili. Lina akiba iitwayo glikojeni, takriban gramu 100 kwa mtu mzima aliyeshiba. Akiba ikipungua, hutengeneza sukari mpya kutokana na laktati, gliseroli na mabaki ya protini. Njia hii ya pili ndiyo pombe huiziba. Ini halina pa kuweka pombe, kwa hiyo huivunja kwanza, na katika kuivunja hutumia kemikali iitwayo NAD, ambayo hugeuka NADH. NADH ikirundikana, piruvati, ambayo ingekuwa sukari, hugeuzwa kuwa laktati. Malighafi ipo, ila inarudishwa nyuma.

Aliyekula vizuri ana akiba ya kumvusha. Aliyeshinda na chai kavu kisha akapitia kilabuni hana.

Hali hiyo hudumu muda gani?

Chupa ya nusu lita ya bia yenye kilevi cha asilimia 5 ina karibu gramu 20 za pombe. Ini huondoa kama gramu 7 hadi 10 kwa saa, kwa hiyo chupa nne ni kazi ya usiku kucha. Supu ya asubuhi haiharakishi kazi hiyo, ingawa angalau ni chakula. Kuzimua ndiko kubaya: unaliongezea ini mzigo ule ule.

Nani aogope zaidi?

Mwenye kisukari anayetumia insulini au glibenklamidi, maana dawa inashusha na ini halipandishi. Na mtoto aliyeonja pombe ya wakubwa. Akiba yake ni ndogo mno.

Nitajuaje kama ni ulevi tu?

Kwa macho, mara nyingi hutajua. Kutetemeka, jasho jembamba, maneno yasiyoeleweka, ukali wa ghafla: vyote hufanana na ulevi, na ndiyo maana watu huachwa "walale iishe". Pima kidoleni; chini ya 3.9 mmol/L (70 mg/dL) sukari imeshuka. Anayeweza kumeza apewe soda ya kawaida au maji ya sukari, kisha chakula, na apimwe tena baada ya dakika 15. Asiyejitambua asitiwe kitu mdomoni. Mlaze ubavu, mkimbizeni hospitali, na mseme wazi kwamba alikunywa: sindano ya glukagoni huliamuru ini litoe akiba, na likiwa tupu haitamsaidia. Atahitaji glukosi ya mshipani.